Chakacha ilipotoka uani na kupanda jukwaani

Ukifika Kizingo jioni, baada ya swala ya alasiri jua likianza kulegea, utakuta magari yamejipanga kando ya barabara ya Mama Ngina, ile ambayo baadhi ya wazee wetu bado huiita Azania, nyuso zote zikitazama bahari. Watu huja kupunga upepo. Watoto hudai mabuyu na kachiri za muhogo, kina mama hutandika majamvi, na wanaume huzozana juu ya siasa na mpira huku meli zikiingia Kilindini karibu mno hata mtu aweza kusoma majina yake bila darubini. Milango ya magari huachwa wazi, na kila gari huwa na muziki wake. Hapa kaswida, pale filamu ya Kihindi, kule vijana na mambo yao ya Bongo.

Jioni moja ya hivi karibuni, katikati ya mchanganyiko huo, gari moja kuukuu lilianza kutoa wimbo ambao nilikuwa sijausikia kwa muda mrefu. Besi iliingia kwanza masikioni mwangu, kisha magita na kinanda cha umeme, na chini yake mdundo ambao mtu aliyezaliwa Mombasa hahitaji kuambiwa jina lake. Kwenye jamvi la jirani walikuwapo mabibi watatu wenye kujisitiri kwa mabuibui yao, watu wazima wenye wajukuu. Hakuna aliyeinuka. Lakini mabega yalianza kwenda, kidogo kidogo, kama mashua iliyofungwa gatini maji yanapojaa. Mmoja wao alimtazama mwenzake, wote wakacheka, na yule mwenye gari akaongeza sauti.

Wimbo huo ulikuwa “Disco Chakacha” wa bendi ya Mombasa Roots, na wasomaji waliokuwa vijana katika miaka ya 1980 watanisamehe nikisema kwamba mji huu haukuwa vile vile baada yake. Wengine waliupenda, wengine waliuchukia, na wako waliouchukia mchana wakaucheza usiku. Ni vyema tuulize basi jinsi muziki wa namna hiyo, nusu ngoma ya harusi na nusu fanki ya Marekani, ulivyopatikana, na ni kitu gani kilichogharimiwa ili upatikane.

NGOMA YA KINA MAMA

Kwanza tukumbushane chakacha yenyewe ni nini, maana vijana wengi wa leo huijua kwa video tu. Chakacha ni ngoma ya wanawake wa Kiswahili, na mahali pake ni harusi. Huchezwa usiku, ndani ya ua au chini ya turubai lililozungushwa pande zote, na wanaume hawana nafasi humo. Leso hufungwa kiunoni, kina mama huzunguka kwa mduara, na kazi yote ni ya kiuno. Wale wanaosema kwamba ngoma hii ni uhuni hawakuelewa kwamba ndani ya ua ule ilikuwa ni darasa. Bibi harusi alikuwa akifundishwa jambo ambalo hakuna kitabu cha kumfundishia, na waliomfundisha walikuwa shangazi zake na masomo wake.

Mdundo hutoka kwa ngoma za vumi na chapuo, na juu yake huja nyimbo fupi fupi zenye mafumbo. Mafumbo hayo yalikuwa makali. Mke mwenza aliambiwa lake, jirani mchoyo aliambiwa lake, na mwanamume asiyetimiza wajibu wake nyumbani alijikuta anajadiliwa na wanawake mia moja waliokuwa wakicheka, wala hakutajwa jina.

Mimi nilizaliwa Kibokoni, na utotoni mwangu sisi wavulana tulikuwa na tabia ya kupanda ukutani kuchungulia. Tulifukuzwa kwa maji, kwa mifagio, na mara moja kwa kiatu ambacho sikukirudisha. Shangazi yangu hakukasirika sana juu ya kuchungulia kwetu. Kilichomkasirisha ni kwamba siku ya pili tulipita mitaani tukiimba zile nyimbo kwa sauti. Alituambia kwamba maneno yale yana nyumba yake, na sisi tumeyatoa nje bila nguo. Wakati ule nilidhani ni ukali wa wazee tu. Leo naona kwamba alikuwa amelitaja suala lote ambalo lingekuja kuzuka miaka michache baadaye, bendi ya vijana ilipofanya kazi ile ile tuliyofanya sisi, ila wao walikuwa na vipaza sauti.

Chakacha haikuwa peke yake. Kabla yake na pembeni yake kulikuwa na vugo, ambayo hupigwa kwa pembe, na lelemama, ngoma ya heshima iliyokuwa na vyama vyake, viongozi wake na mashindano yake. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyeishi na kina mama wa Mombasa na kuandika kitabu juu yao kilichotoka 1979, alieleza jinsi vyama vya lelemama vilivyokuwa uwanja wa wanawake kujipatia hadhi na hata kutoa hukumu, tangu miaka ya 1890 hadi vilipofifia karibu na wakati wa uhuru. Chama kiliweza kumwimba mtu kwa kosa lake, na kosa hilo likawa halifichiki tena. Kwa hiyo anayedhani kwamba nyimbo za wanawake zilikuwa mchezo wa kupitisha usiku hana habari.

MJI WA KUAZIMA

Tukisema kwamba Mombasa Roots walichanganya, wako watakaodhani kwamba walivunja desturi. Kwa kweli kuchanganya ndiyo desturi yetu ya zamani kuliko zote. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa mji huu walisikia tarumbeta za Wazungu, za wanajeshi na za shule ya wamishonari ya Freretown, na muda si muda wakawa na ngoma ya beni, yenye tarumbeta, vyeo vya kijeshi na vyama viwili mahasimu, Kingi na Skochi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na alionyesha jinsi mchezo huo ulioanzia pwani ulivyosambaa bara hadi maziwa makuu na Nyasaland. Wapiga tarumbeta hao walikuwa wajukuu wa watu waliopiga siwa. Hakuna aliyewaambia kwamba hawawezi.

Taarabu nayo ni vivyo hivyo. Udi na kanuni kutoka kwa Waarabu, tabla na kinanda cha mkono kutoka Bara Hindi. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi 1942 na kufariki 2014, alichukua sauti za filamu tulizokuwa tukizitazama Naaz na Regal, akazivika mashairi ya Kimvita mazito hata mtu akasahau kwamba sauti ilitoka Bombay. Marehemu Zein l'Abdin, Mlamu aliyeishi na sisi Mombasa hadi alipofariki 2016, aliuelekeza udi wake upande wa pili, Yemen na Uarabuni. Wapenzi wa hawa wawili waligombana kama wapenzi wa timu za mpira, lakini hakuna hata mmoja kati ya mabingwa hao aliyecheza muziki usiokuwa na damu ya mbali.

Kisha kuna taishokoto. Chombo hiki chenye nyuzi na vidude vya kubonyeza kama vya taipureta kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Kilisafiri hadi India, kikavuka bahari hadi kwetu, na katika mikono ya wapigaji wa Zuhura Swaleh na Maulidi Juma kikawa sauti ya harusi za Mombasa. Nalitaja hili kwa sababu moja kubwa. Ni makundi hayo ya taarabu, katika miaka ya 1970, yaliyochukua mdundo wa chakacha na kuuingiza katika taarabu ili watu wapate kuinuka vitini. Zuhura aliuimba mbele ya umati, na kanda zake zikauzwa katika maduka kama Mbwana Radio Service. Hivyo mlango wa ua ulikwisha kufunguliwa nusu kabla bendi za magita hazijafika. Tofauti ni kwamba aliyeufungua alikuwa mwanamke, tena akiimba maneno ambayo kina mama waliyatambua kuwa ni yao.

MAGITA YA HOTELINI

Sasa tuje kwa magita. Pwani haikuyapata jana. Fundi Konde, mwana wa Kilifi, alikuwa akirekodi nyimbo za gita tangu enzi za baada ya Vita Kuu ya Pili, na yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza nchini kulitumia gita la umeme katika santuri. Kijana wa Mombasa, Salim Abdalla Salim, alikwenda Uingereza na kurudi akiitwa Sal Davis, na wimbo wake “Makini” ukavuma katika miaka ya 1960. Baada yake akaja Slim Ali na Hodi Boys wake, wakiimba soul kwa Kiingereza safi kabisa hata mgeni asiyewaona akadhani wametoka Detroit.

Tusisahau jinsi fanki ilivyokuwa imeitikisa Afrika miaka hiyo. James Brown alikuja Kinshasa Septemba 1974 pamoja na wanamuziki wengine wengi, kwa ajili ya tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Osibisa walikuwa London wakichanganya roki na ngoma za Ghana. Matata, kundi la Nairobi, nao walihamia huko huko London na kurekodi fanki yenye maneno ya kwetu. Na kuna kichekesho kidogo ambacho watu wa mji huu wangependa kukijua: mwaka 1975 huko Ujerumani, Mmarekani mweusi mpiga tromboni, Lou Blackburn, alitoa santuri ya jazi na fanki na bendi yake ambayo aliiita Mombasa. Jina letu lilikuwa tayari linauza fanki Ulaya, wakati sisi wenyewe hatujatengeneza ya kwetu.

Kwa nini hatukuwa tumetengeneza? Jibu liko hotelini. Ndege za kukodi zilikuwa zikiwaleta watalii kutoka Ujerumani, Uswisi na Uingereza, na kila hoteli kubwa ya ufuo wa kaskazini na wa kusini ilitaka bendi. Kijana mwenye kipaji alipata mshahara wa kila mwezi, chakula, na vyombo ambavyo asingeweza kuvinunua maisha yake yote. Lakini alitakiwa kupiga kile ambacho mgeni alikwisha kukijua. Wanamuziki waliuita muziki huo “kopiraiti”, yaani kuipiga nyimbo ya mtu mwingine kama ilivyo katika santuri, bila kupunguza wala kuongeza. Ni neno la ajabu, kwa kuwa maana yake halisi ni haki ya mtunzi, na hapa lilitumiwa kwa kazi ambayo mtunzi hakupata hata senti.

Shule hiyo ya kopiraiti haikuwa mbaya kama wengine wanavyodai. Mtu anayepiga Santana usiku huu, Bob Marley kesho, na James Brown kesho kutwa, vidole vyake hujifunza. Bendi za pwani zilikuwa na nidhamu ya kupiga saa nne mfululizo, kuimba kwa lugha tano, na kuvaa mashati yanayofanana. Them Mushrooms, kundi la ndugu wa ukoo wa Harrison lililoanza 1972, lilitoka katika shule hiyo, na wimbo wao “Jambo Bwana” wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipendwa mno hata Boney M wakauimba kwa namna yao mwaka 1983. Mombasa Roots, walioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, walipita njia hiyo hiyo.

Hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo mshahara haukulitibu. Vijana wengi wa bendi hizi walikuwa Waislamu, wana wa watu wanaojulikana mitaani, na walikuwa wakifanya kazi mahali panapouzwa pombe, mbele ya wageni waliovaa karibu na kutovaa. Mama aliyeulizwa mwanawe anafanya kazi gani alijibu kwamba “yuko hotelini”, akakomea hapo, na muulizaji mwenye adabu hakuendelea. Tangu zamani wanazuoni wetu walikuwa wametuonya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947, aliandika kwa Kiswahili katika gazeti lake Al-Islah tangu 1932 dhidi ya kuiga Wazungu bila kufikiri. Kijana wa hotelini aliyapata maneno hayo kwa babu yake, kisha akavaa shati lake la maua akaenda kazini, maana kodi ya nyumba haisomi magazeti.

HESABU YA SITA NA NNE

Katika hali hiyo ndipo wazo la chakacha lilipokuwa na nguvu. Mtu aliyechoka kuiga huanza kutafuta alichonacho nyumbani. Lakini mdundo wa nyumbani na mdundo wa disko havikai pamoja kwa urahisi, na ningependa msomaji anivumilie nilieleze jambo hili, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ufundi wenyewe.

Disko na fanki huhesabu nne. Moja, mbili, tatu, nne, na ngoma kubwa ya miguu hupiga kila hesabu, au, kama ni fanki ya James Brown, uzito wote huangushwa juu ya moja. Chakacha huhesabu sita. Sikio laweza kuigawa sita hiyo mara mbili kwa tatu tatu, au mara tatu kwa mbili mbili, na utamu wa ngoma yetu ni kwamba hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Vumi husema neno lake, chapuo hujibu kwa hesabu nyingine, na kiuno cha mchezaji huchagua kimfuate nani. Mzungu aliyezoea nne akiisikia kwa mara ya kwanza hupotea mguu.

Mpiga ngoma wa bendi akiilazimisha chakacha iwe nne, hufa. Huwa ni disko ya kawaida yenye maneno ya Kiswahili. Akiiacha sita kama ilivyo, mtalii hukaa kitini, na kijana wa Mombasa anayetaka kucheza kama walivyocheza Travolta na wenziwe naye hukaa kitini. Njia ya kutokea ni hesabu ya madrasa: sita mara mbili ni kumi na mbili, na nne mara tatu ni kumi na mbili. Ukizichukua zile hesabu nne za disko, na kila moja ukaigawa vipande vitatu badala ya viwili, basi chakacha mbili huingia humo bila kubanwa. Mguu wa mgeni unasikia nne yake. Kiuno cha Mwana wa Mvita kinasikia sita yake. Wote wawili wako juu ya sakafu moja, na kila mmoja anadhani muziki umepigwa kwa ajili yake.

Hapo kazi hugawanywa upya. Gita la besi huchukua mahali pa vumi, na hapa fanki ilikuwa imekwisha kuwafundisha wapigaji kwamba besi ni ngoma yenye nyuzi. Gita la pili, likikwaruzwa huku kiganja kimezuia nyuzi zisilie, huwa kama makofi na njuga. Kinanda cha umeme huweza kushika sehemu ya nzumari au ya taishokoto. Mwimbaji humwita kiitikio kama kiongozi wa ngoma anavyowaita wenziwe. Hakuna hata sehemu moja iliyobaki bila mwenyewe. Ndiyo sababu nasema kwamba “Disco Chakacha” haikuwa kiraka. Mtu aliyeshona kanzu akiitazama ataona kwamba nyuzi zimepita ndani, wala hazikubandikwa juu.

Kurekodi lilikuwa jambo jingine. Siku hizo kampuni kubwa za santuri, kama Polygram, CBS na AIT, zilikuwa Nairobi. Bendi ya pwani iliyotaka sahani yake ilibidi ipande basi au gari moshi na vyombo vyake, ipige kwa saa zilizolipiwa, na irudi mapema kabla hoteli haijatafuta bendi nyingine. Ngoma ya ua ilikuwa na usiku mzima wa kupamba moto. Studio haina subira hiyo. Sahani ya dakika chache ilitakiwa iuchukue usiku wa harusi, iukate, iufunge, na bado ubaki na joto.

NYIMBO ZA NANI?

Wimbo ulitoka, ukapigwa redioni, ukapigwa hotelini, ukapigwa katika matatu ya Likoni. Na maneno yakaanza.

Waliolalamika hawakuwa na lalamiko moja. Wengine walisema ni haramu tu, na kwao hapakuwa na tofauti kati ya chakacha ya bendi na ya uani. Msimamo huo ulikuwa na unyoofu wake. Wengine, na hawa nadhani walikuwa wengi zaidi, walisema kwamba ngoma si mbaya mahali pake, ubaya ni kuitoa. Ile iliyokuwa mafunzo ya bibi harusi mbele ya wanawake wenziwe sasa ilikuwa ikichezwa na wasichana wa maonyesho mbele ya watalii wenye kamera. Kiuno kile kile, leso ile ile, lakini maana imegeuka. Ua ulikuwa ndio nguo ya ngoma hiyo. Sikumbuki kama shangazi yangu aliwahi kuusikiliza wimbo ule hadi mwisho, ila nakumbuka alivyosema kwamba sasa hata yeye hawezi kuwafukuza kwa maji.

Mimi nilikuwa upande wa bendi, na nikiusikia wimbo leo bado niko upande wao kwa masikio. Tulikuwa tumechoka kuambiwa kwamba muziki wa kisasa ni wa Marekani au wa Zaire, na kwamba cha pwani ni cha kale, cha makumbusho ya Ngome. Kusikia mdundo wa mitaa yetu ukitoka katika spika kubwa, na watu wa bara wakijaribu kuufuata na kushindwa, ilikuwa ni fahari ambayo siwezi kuikana. Lakini kuna swali moja ambalo miaka imenifanya nilione kubwa kuliko nilivyoliona zamani, nalo halihusu kiuno wala kamera. Zile nyimbo fupi za mafumbo zilikuwa na watunzi. Wanawake wenye majina, wenye nyumba Kuze na Mkanyageni, walikaa wakazitunga. Zilipoingia katika santuri na kanda, za bendi hii na za bendi nyingine nyingi baada yake, mara ngapi karatasi ya sahani ilisema tu kwamba ni wimbo wa jadi?

Neno “jadi” ni zuri, lakini kwenye karatasi ya malipo maana yake ni kwamba hakuna wa kulipwa. Chama cha kukusanya haki za wanamuziki wa Kenya kilianzishwa 1983, na hicho kilimtafuta mtunzi aliyejiandikisha, si bibi aliyeimba usiku wa hina akarudi kulala. Ilibidi tungoje hadi 2016 ndipo Kenya ikapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotambua kwamba ngoma na nyimbo za jamii zina wenyewe hata kama hawakuziandika. Wengi wa wale watunzi walikuwa wamekwisha kwenda mbele ya haki.

Isidhaniwe kwamba wanamuziki nao walitajirika. Wizi wa kanda uliwala wote. Kanda halisi ilipotoka asubuhi, jioni bandia yake ilikuwa ikiuzwa kwa nusu bei, na kampuni kubwa kama CBS na Polygram ziliishia kufunga kazi zao nchini. Them Mushrooms walikuwa wamehamia Nairobi tangu 1987. Hoteli nyingi zikaanza kuona kwamba mtu mmoja na kinanda cha kujipiga ni rahisi kuliko watu saba na mashati yao.

Mdundo wenyewe haukufa. Malika aliubeba katika taarabu yake hadi ukavuka mipaka ya pwani, bendi za bara zikauchukua, na katika miaka ya 2000 Nyota Ndogo alipoanza kuimba, kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa Zuhura kupanda jukwaani, masikio ya watu wazima yalitambua mara moja anatoka mji gani. Wapo vijana wa studio za vyumbani siku hizi ambao huchukua kipande cha sahani ya zamani na kukigeuza geuza kwa kompyuta. Huenda ni kipande cha besi ambayo ilikuwa imechukua mahali pa vumi, na sasa mashine imechukua mahali pa besi.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi hapa hapa Kizingo, katika ukumbi mmoja usio mbali na mnara wa taa. Wanaume tulikuwa tumemaliza biriani yetu mapema, na mimi nikatumwa kwenda kuwasubiri watu wangu nje ya mlango wa wanawake. Sikusikia vumi wala chapuo. Kulikuwa na spika mbili kubwa na binti mmoja anayepiga nyimbo kutoka katika simu, kama ilivyo ada siku hizi. Akapiga za Kihindi, akapiga za Bongo, kisha akapiga “Disco Chakacha”. Vigelegele vilivyopaa viliwafanya madereva wa tuk tuk barabarani wageuze shingo. Mapazia yalikuwa yamefungwa barabara, na mlangoni walisimama wanawake wawili wenye umri wa shangazi yangu alivyokuwa zamani zile. Mvulana mdogo alijaribu kupenya katikati yao. Mmoja alimshika sikio taratibu, akamgeuza, akamleta hadi nilipokuwa nimesimama, akaniambia nimshike mwanangu vizuri. Hakuwa wangu, lakini nilimshika, tukausikiliza wimbo huo pamoja hadi ukaisha.